Tulivyompima Wifi

Wifi yangu ana mdomo, na simsingizii, hata yeye mwenyewe hujisifia. Tangu niolewe na kaka yake na kuhamia nyumba hii, sijawahi kuinjika sufuria ikaepuliwa jikoni bila mimi kusemwa. Mara chumvi imezidi, mara chumvi haipo, mara mchuzi umekuwa maji ya kunawa. Nilipoanza chuo kikuu, mtu mzima na ndoa yangu, kusomea saikolojia, alisimama mlangoni akapiga makofi: "Haya, wifi anakwenda kusomea vichaa! Kaka, umepona, dawa utazipatia chumbani!" Nami nilimjibu, maana kwa wifi usipojibu umekwisha. Ndivyo tulivyoishi, tukichokozana asubuhi na jioni, na kupendana kwetu kulikuwa humo humo.

Kwa hiyo jioni aliyorudi kutoka kazini akaketi mezani, akala chakula changu chote kimya kisha akaniambia "ahsante, wifi," nilijua kuna jambo zito.

Nilidhani kafukuzwa kazi. Yeye ni mhudumu wa zahanati: anapiga deki vyumba, anabadilisha mashuka, anawapanga wagonjwa kwenye foleni. Lakini anachokitaka siku zote ni kuwa muuguzi. Alirudia mitihani ya sekondari akiwa mtu mzima, akisoma kwenye benchi la zahanati baada ya wagonjwa kuisha, na mwaka huu chuo cha uuguzi kikamkubali. Kilichobaki kilikuwa kwenda mwenyewe kuthibitisha nafasi yake, na mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine. Siku zote hizo alikuwa akijipitisha mbele yangu kama bibi harusi, akinitangazia kwamba siku atakayovaa sare nitamfungulia mlango na kumwita Sista, nisipomwita hapokei salamu.

"Siendi," alisema, akaisukuma sahani pembeni. "Chuo cha uuguzi. Siendi tena."

"Kwa nini?"

"Nimepimwa, wifi. Kichwa changu hakishiki mambo mapya. Bora nimejua mapema, kuliko kwenda kuua watu na sindano."

Nilicheka. Nilidhani ni utani mpya, nikangoja kipande kinachofuata, kile cha kunishambulia mimi. Hakikuja. Alinisimulia yote akiwa anaangalia meza.

Alikuwa ameona tangazo ukutani pale zahanati. Watu wazima wanaotaka kujua uwezo wao wa kujifunza wafike chuo kikuu, hakuna malipo. Akaenda wiki iliyotangulia bila kunigusia, kwa sababu alitaka arudi na matokeo aje kuniringia nayo mimi msomi wa nyumba. Akapewa kijitabu cha maumbo: unaangalia umbo lililokatika, unachagua kipande cha kulikamilisha. Mengine yalimtoa jasho, akakigeuza kijitabu huku na huku mpaka shingo ikamuuma, wala hakuruka hata moja. Alipomaliza, kijana mmoja mwenye koti jeupe akakichukua, akaingia nyuma ya ukuta wa mbao kusahihisha, akatoka ameinamisha kichwa upande. Akamwambia anasikitika kumjulisha kwamba matokeo yake yamo katika kundi la chini kabisa la uwezo wa kujifunza mambo mapya. Arudi tena Jumanne kwa sehemu ya pili.

"Leo ndiyo Jumanne," alisema wifi. "Nimeona nirudi kufanya nini? Kuongezewa?"

Ule ukuta wa mbao naujua. Ile meza naijua, na yule kijana mwenye koti jeupe nakaa naye kundi moja. Lile lilikuwa jaribio letu, jaribio la darasa langu la Mbinu za Utafiti, na matokeo yale yalikuwa uongo mtupu.

Wacha nieleze, maana sisi wenyewe tulieleweshwa muhula mzima. Tulitaka kujua mtu akiambiwa hana uwezo, je, atalegea katika kazi inayofuata? Basi nusu ya watu wanaambiwa wamefanya vizuri kupindukia, na nusu wanaambiwa wamefanya vibaya kupindukia, na nani aambiwe nini linaamuliwa kwa bahati nasibu. Majibu yao hayahusiki hata kidogo. Tena maumbo mengine kwenye kile kijitabu yametungwa makusudi yasiwe na jibu, ili kila mtu ahisi ugumu. Watu wanarudi kwa sehemu ya pili, wakimaliza wanaketishwa na kuambiwa ukweli wote, wanaombwa radhi, wanakwenda zao. Kamati ya maadili ya chuo ilituruhusu kwa sharti hilo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na kwangu washiriki walikuwa namba, hawana sura wala majina.

Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilimwambia palepale, nikiwa nimemshika mikono, kwamba alidanganywa, kwamba wote wanadanganywa, kwamba yale ndiyo masomo yenyewe ninayokwenda kuyasoma kila asubuhi.

Alinitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona machoni pake.

"Kumbe wifi unanipenda," alisema. "Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Yule kijana alinionea huruma kwelikweli. Mtu hawezi kuigiza vile."

"Aliigiza! Alifanya mazoezi mbele ya darasa zima, tukampigia makofi!"

"Chuo kikuu kizima kikae kikao cha kunidanganya mimi? Mimi nani?"

Swali lake lilikuwa na akili. Mtu timamu angeuliza hivyohivyo. Nikamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa ameingia na kusimama mlangoni na viatu mkononi, nikamwambia msaidie dada yako. Akajikuna kichwa, akasema, "Sasa kama wamempima kitaalamu..." Nilimpa vidonge vyake hapohapo, na sitavirudia hapa.

Nikajaribu njia yetu ya siku zote. Nikajifuta mikono, nikajishika kiuno, nikamwambia: "Sawa basi. Kuanzia leo mwenye akili humu ndani ni mmoja tu, na ni mimi. Ukiniona unanipisha njia." Nilingoja anirukie. Nilitamani anirukie.

"Ni kweli, wifi," alisema, akaanza kukusanya vyombo.

Nilikwenda chumbani nikalia kwa hasira. Miaka yote ile nilikuwa nikiomba siku moja mtu amnyamazishe yule mwanamke. Kumbe sikutaka. Na kama ni kunyamazishwa, basi anyamazishwe na mimi kwa hoja, si na mtoto mwenye koti la kuazima.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa mhadhiri wetu. Wanafunzi tunamwita Bwana Sampuli, kwa sababu hata akikuta watu wawili wamechelewa darasani husema sampuli ni ndogo, hawezi kutoa hitimisho. Ofisi yake ina kiti kimoja cha mgeni, nacho kilikuwa kimebeba marundo ya karatasi, kwa hiyo nilieleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuna mshiriki hakurudi sehemu ya pili, hakuambiwa ukweli, na anakaribia kuacha nafasi ya masomo kwa ajili ya uongo wetu. Namwomba aje nyumbani, au ampigie simu tu, amwambie mwenyewe.

Alinisikiliza vizuri, viganja amevikutanisha. Kisha akasema haiwezekani.

"Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, na akishajitoa hafuatwi. Ni kanuni ya msingi. Nimewafundisha wiki ya pili."

"Mwalimu, hiyo kanuni ni ya kumlinda yeye!"

"Kabisa."

"Sasa inamlindaje? Amelala nyumbani anaamini ni mjinga!"

"Hilo hatulijui," alisema. "Kujitoa kuna sababu nyingi. Ugonjwa, usafiri, shughuli."

"Analala nyumbani kwangu! Nimempikia jana!"

Aliniambia nishushe sauti. Akanieleza taratibu, kama ninayeanza upya wiki ya kwanza, kwamba bado kuna washiriki wa mtaa uleule hawajamaliza, na mmoja akiambiwa ukweli kabla ya wakati atawaambia wenzake, na takwimu zote zitakuwa zimechafuka. Ukweli utatolewa mwishoni, kwa watakaofika mwishoni. Nikamuuliza wasiofika mwishoni je? Akasema hao wanaripotiwa kama upotevu wa washiriki. Kila utafiti unao. Wetu ulikuwa mdogo sana, jambo la kujivunia.

Nikamwambia kwamba mimi nimeshamwambia, na hakuniamini.

Hapo ndipo uso wake ulipochangamka. Akavuta kiti mbele. "Hakuamini? Hata baada ya kuelezwa utaratibu mzima?" Akachukua kalamu. "Hiyo inavutia sana. Tathmini ya uongo inabaki hata ikishakanushwa. Lingekuwa swali zuri la tasnifu yako, unajua. Ungeweza kumfuatilia."

"Umesema hafuatwi."

"Kwa utafiti mwingine. Kwa ridhaa mpya."

Damu ilinipanda nikahisi masikio yanawaka. Mtu mzima, na digrii zake zimejaa ukuta, hawezi kutembea mpaka zahanati kusema sentensi moja, lakini yuko tayari kumfanya wifi yangu kuwa sura ya pili ya kitabu chake! Nilimwambia maneno hayo hayo, nadhani kwa sauti iliyofika mwisho wa korido, maana nilipotoka milango miwili ilikuwa wazi na watu wamechungulia. Naye alinikumbusha kwa utulivu kwamba nikiharibu takwimu za kundi nitarudia somo.

Nilimtafuta yule kijana wa koti. Tunamwita Kiranja, kwa kuwa kila kundi analopangwa anajikuta kiongozi kabla wengine hawajaketi. Nilimkuta ngazini anakula maandazi. Si kijana mbaya. Aliposikia ni wifi yangu alishika kifua, akasema pole, akasema hata hamkumbuki, wanakuwa wengi.

"Njoo umwambie. Wewe atakuamini. Wewe ndiye uliyemwambia."

"Dada, mimi nasoma tu yaliyoandikwa."

"Basi njoo usome na haya."

Alikung'uta mikono, akaniambia Mwalimu akijua atamkata alama, na yeye anategemea alama hizo kupata nafasi ya usaidizi chuoni. Akaahidi kwamba wakimaliza wote, mwezi ujao, yeye mwenyewe atakuja na soda. Mwezi ujao! Nafasi ya wifi ilikuwa inakufa Ijumaa, na huyu ananiletea habari za soda.

Alhamisi ilipita wifi akiwa vilevile. Alifanya kazi, akarudi, akakusanya vitabu vyake vya sekondari akavipa majirani wenye watoto. Nilivifuata nyumba hadi nyumba, nikavirudisha, nikagombana na jirani mmoja aliyekwisha andika jina la mwanawe juu ya jalada. Wifi alivitazama vikiwa mezani akasema, "Ungewaachia tu."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya kupokea washiriki, na mimi hukaa nyuma ya ule ukuta wa mbao na kompyuta yangu. Asubuhi nilimfuata wifi zahanati. Alikuwa ndani ya sare yake ya usafi, amemaliza zamu ya alfajiri.

"Twende chuoni," nilimwambia.

Uso wake ulifunguka ghafla. "Watanipima tena?"

Ningeweza kusema ndiyo, angekimbia mbele yangu. Lakini alikuwa ameshadanganywa vya kutosha.

"Hapana. Twende ukaone wanavyopima."

Alifikiri, akavaa kandambili zake, tukaondoka. Najua alikuja kwa sababu moyoni alikuwa bado anatumaini kwamba akimwona yule kijana atamwomba amrudie. Njia nzima alikuwa akitikisa mkono hewani, akigeuza umbo asiloliona mtu mwingine.

Nilimketisha kwenye ndoo iliyofunikwa, kando ya kompyuta yangu. Ukuta wenyewe ni mbao nyembamba haufiki dari, kwa hiyo kila neno la upande wa pili linasikika. Mshiriki alikuwa ameshaanza. Kwa upenyo wa mbao niliona mzee mmoja, shati limenyooshwa vizuri, miwani imefungwa kwa uzi kwenye mkono mmoja. Tulisikia karatasi zikigeuzwa, zikigeuzwa tena, na pumzi ya mtu anayejitahidi. Wifi alikuwa amekaza mikono juu ya magoti.

Mlango mdogo ukafunguka, Kiranja akaingia na kijitabu cha yule mzee. Akanipungia. Akamwona wifi, akamtazama usoni, kisha akaitazama sare yake.

"Mama, subiri kidogo," alimnong'oneza kwa adabu. "Tukimaliza ndiyo ufagie."

Wifi akanigeukia. Mimi nilitikisa kichwa tu, kwa maana nikisema neno ningepiga kelele.

Kiranja aliweka kijitabu juu ya rafu, pamoja na vingine, bila kukifungua. Akanywa maji. Akatoa simu, akasoma kitu, akatabasamu, akajibu. Kisha akaingiza mkono kwenye kikopo cha plastiki, akachomoa kikaratasi kilichokunjwa. Kilikuwa chekundu. Akakitia kwenye mfuko wa koti, akakohoa kidogo kusafisha koo, na pale mbele yetu, taratibu, akainamisha kichwa upande na kuulegeza uso mpaka ukawa uso wa mtu aliyefiwa. Akatoka nao.

"Asante sana kwa kujitahidi," tulimsikia. "Nasikitika kukujulisha..."

Midomo ya wifi ilikuwa inacheza. Alikuwa anayasema naye maneno yale, neno kwa neno, bila sauti, mpaka kundi la chini kabisa, mpaka mambo mapya.

Kisha yule mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaitegemea, "Ndiyo. Nilijua tu. Nilitaka kujifunza kompyuta, lakini nilijua."

Wifi alisimama, ndoo ikaanguka. Hakupita kwenye mlango kwa utaratibu, aliupiga bega ukagonga ukuta.

"Muongo!" Sauti yake ilirudi yote kwa mpigo mmoja, ile ya kusikika nyumba ya tatu. "Muongo mkubwa wewe! Mzee wangu, keti, usiondoke. Hajakifungua! Nimekaa pale namwona kwa macho yangu mawili. Kakitupa juu ya rafu, kanywa maji, kachati na simu yake, kachomoa kikaratasi kama wacheza bahati nasibu, halafu anakuja kukulilia hapa! Na wewe, hebu niangalie. Niangalie! Unanijua mimi?"

Kiranja alikuwa amerudi nyuma hadi dirishani. "Mama wa usafi..."

"Mama wa usafi! Wiki iliyopita uliniambia mimi mjinga, ukanishika na bega, leo hunijui!"

Kiranja alimtazama vizuri, na nadhani hapo alimkumbuka, kwa sababu aliweka mkono mdomoni. Kisha akakimbia kumwita Bwana Sampuli.

Alikuja upesi, ametoka kwenye mhadhara, chaki bado iko vidoleni. Kwanza aliniangalia mimi. Kisha akamwomba wifi atoke chumbani, kwa kuwa jaribio linaendelea. Wifi akavuta kiti akaketi katikati ya chumba. Mimi nikasimama nyuma yake.

Yule mzee ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amevua miwani, anaifutafuta kwa pindo la shati.

"Samahani, Mwalimu. Huyu mama anasema hakijafunguliwa. Basi kama ni makosa, naomba mnisahihishie. Nimepata ngapi?"

Bwana Sampuli alimtazama Kiranja, Kiranja akatazama sakafu.

"Vijitabu hivi havisahihishwi, mzee," alisema Bwana Sampuli hatimaye. "Havina alama. Baadhi ya maumbo hayana majibu."

"Hayana majibu," alirudia mzee.

"Ni sehemu ya muundo."

"Na mimi?" aliuliza wifi. Sauti ilikuwa imeshuka, na iliposhuka ilinitisha zaidi. "Changu nacho hamkukisoma? Nilikaa hapa nikatoka jasho la mwili mzima. Sikuruka hata moja. Hakuna mtu aliyekifungua?"

Bwana Sampuli alianza kumwambia kwamba kama mshiriki aliyejitoa, matokeo aliyopewa hayakuwa na uhusiano wowote na uwezo wake halisi, kwamba yalitolewa kwa nasibu kwa madhumuni ya...

"Sema kama mtu anayesema na mtu."

Nilimwona akinitazama kana kwamba ningemwokoa. Nilimtazama vilevile alivyonitazama juzi ofisini, kwa utulivu.

"Tulikudanganya," alisema.

"Na huyu mzee?"

"Naye tulimdanganya."

"Mwombe radhi."

Alimwomba. Kisha akamwomba na wifi, bila kuambiwa. Kiranja naye akaomba, machozi yakimlengalenga, na safari hii uso ulikuwa wake mwenyewe. Yule mzee alipokea radhi zote kwa adabu, akavaa miwani, akauliza kama kile kijitabu anaweza kuondoka nacho. Bwana Sampuli akasema ni mali ya utafiti. Wifi akakichukua juu ya rafu akampa.

Nami niliambiwa, mlangoni, kwamba somo nitarudia. Nilijibu kwamba nitarudia, na kwamba njiani nitapita kwa katibu wa kamati ya maadili kumweleza sharti lao linavyotunzwa. Nilipita. Katibu aliniambia niandike malalamiko, watayajadili kikao kijacho.

Kufika chuo cha uuguzi karani alikuwa anafunga madirisha. Wifi aliupenyeza mkono ndani kabla la mwisho halijafungwa, akiwa bado na sare ya usafi, akamwambia yule karani kwamba akilifunga atalifungua na mkono ukiwa ndani. Karani akacheka, akampa mahali pa kusaini. Akasaini. Akakaribishwa. Tulipotoka nje akaanza kunisema viatu vyangu, eti nimemtembeza mjini na viatu vya mlinzi, nami nikamjibu, na nilijihisi mwepesi mwili mzima.

Kisha akasimama njiani.

"Wifi," alisema. "Yule mzee nimemwona mwenyewe. Lakini siku yangu sikuwa nyuma ya ukuta. Una hakika na mimi alichomoa kwenye kikopo?"

"Nina hakika."

"Sawa," alisema, kwa upole uleule wa Jumanne.

Malalamiko yangu hadi leo yako kikao kijacho. Somo ninalirudia, na kwenye ripoti ya mwaka jana, ambayo Bwana Sampuli anaitumia kufundishia, kuna mstari unaosema mshiriki mmoja alijitoa, sababu haijulikani. Alipouonyesha darasani nilisimama nikasema inajulikana. Akasema tutalizungumza baadaye, na hatujalizungumza.

Wifi anasoma vizuri. Mtihani wake wa kwanza wa uuguzi alipata alama za juu, na nilidhani ataamsha majirani na mtaa mzima kunitangazia. Badala yake alikuja jikoni taratibu, akafuta meza kwa kiganja, akaweka karatasi mbele yangu.

"Hebu niangalizie, wifi," alisema. "Hii wameisoma kweli?"

Ilikuwa na alama za vema kwa wino mwekundu kila swali, na jina la mwalimu chini. Ningeweza kumwambia ndiyo, wameisoma, lakini ndiyo yangu haikuwa na uzito tena, jaribio letu ndilo lililoiua. Nikazima jiko. Nikamwambia alete kitabu chake, akakileta. Nikaketi na kalamu, nikaanza kuisahihisha upya tangu swali la kwanza, naye amesimama nyuma yangu, amekiinamia kichwa changu, anafuata mstari kwa mstari.